Kujenga Akiba ya Mabeki na Ushambuliaji Wenye Uwiano katika Timu za Vyuo na Sekondari za Karagwe na Kyerwa

Mada kwa ajili ya semina ya walimu wa michezo na makocha wa vyuo na shule za sekondari

1.0 Utangulizi

Waandaaji walinipa kichwa kipana, na muda ni mfupi. Kwa hiyo yale tunayoyafahamu wote nitayapitia haraka, ili muda mwingi uende kwenye tatizo moja ambalo nimepambana nalo kwa miaka mingi: timu zetu zina mabeki wanne, wa tano hakuna.

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini kimpira tumebaki nyumba moja. Timu ya Nkwenda au Isingiro ikitafuta mechi ya kirafiki inafikiria kwanza Omurushaka na Kayanga, na kinyume chake. Wachezaji wetu ni wale wale na shida zetu zinafanana, ndiyo maana naziweka wilaya zote mbili katika mada moja.

Naomba pia ieleweke mapema kwamba mada hii hainyooshei kidole chuo, shule wala ofisi yoyote. Mifano ya timu zetu nimeitoa bila majina kwa makusudi.

2.0 Maana ya maneno makuu

Kina cha ulinzi kina sura mbili. Uwanjani, beki mmoja anapotoka kumkabili mwenye mpira, mwenzake anabaki nyuma yake kumfunika. Kwenye kikosi, beki wa kwanza akitoka, wa pili anaingia na timu inaendelea kukaba vile vile.

Ushambuliaji wenye uwiano ni ule unaoleta mabao kutoka kulia, kushoto, katikati na kwenye mipira iliyokufa, yaani kona, faulo na mipira ya kurusha, bila timu nzima kumsubiri mtu mmoja.

Haya yote tunayajua. Tugeukie tatizo lenyewe.

3.0 Tatizo la beki wa tano

3.1 Tunavyowachagua

Siku ya mchujo tunawapanga wanafunzi wapya mstari mmoja na kumuuliza kila mtu namba yake. Walio wengi wanasema tisa, kumi, saba, kumi na moja. Namba nne na tano wanajitokeza wawili au watatu. Tukishajaza nafasi za mbele, waliokosa nafasi tunawaambia warudi nyuma. Kijana anapelekwa beki kwa sababu ameshindwa kufunga, na yeye mwenyewe anajua hivyo. Anacheza akisubiri siku ya kurudishwa mbele. Hajafundishwa kusimama ubavu ubavu na mpinzani, kuangalia mpira na mtu kwa wakati mmoja, wala kuamua lini atoke na lini asubiri. Halafu siku ya mashindano tunamlaumu.

3.2 Kalenda ya chuo inavyouvunja ulinzi

Hapa ndipo tatizo lilipojificha, na sijawahi kuona likijadiliwa kwenye kikao chochote. Mabeki wetu wa kati karibu siku zote ni wa mwaka wa mwisho au unaoutangulia, kwa sababu kocha anataka watu wazima na watulivu nyuma. Hao hao ndio wanaokwenda mafunzo kwa vitendo. Mwanachuo wa ualimu anapangiwa shule upande wa Murongo, mwenzake Nyaishozi, mwingine Kaisho. Wa afya yuko zamu ya usiku wodini. Ndani ya juma moja, safu nzima ya ulinzi inatawanyika, na wanaobaki chuoni ni mawinga na washambuliaji wa mwaka wa kwanza.

Wakirudi, imebaki miezi michache wamalize masomo, na mwaka unaofuata tunaanza upya kabisa. Mshambuliaji mpya anaweza kufunga siku ya kwanza kwa kipaji chake tu. Safu ya ulinzi haifanyi kazi hivyo, kwa sababu inategemea mazoea ya watu wanne na kipa wao: nani anaita, nani anapanda kutengeneza mtego wa kuotea, nani anabaki. Mazoea hayo hayaji kwa maelezo ya ubaoni. Yanakuja kwa dakika za kucheza pamoja.

Wakulima wa kwetu wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi makocha. Kwenye shina la mgomba wanaacha mama, mtoto na mjukuu, mama akikatwa mtoto yuko tayari, na shamba halikosi ndizi. Sisi tunalima mama peke yake.

3.3 Mechi za siku mfululizo

Mashindano ya UMISSETA kwa sekondari na UMISAVUTA kwa vyuo vya ualimu hukusanya timu nyingi kwa siku chache. Ngazi ya kata, wilaya na mkoa, timu inaweza kucheza leo, kesho na keshokutwa. Beki wa kati anaruka vichwa, anagongana, anakimbia kurudi nyuma kila mpira unapopotea. Siku ya tatu misuli imekaza, na kocha hana wa kumpumzisha. Mwenye kadi za njano anapangwa hivyo hivyo, aliyeteguka anafungwa bandeji na kurudishwa uwanjani. Huku ni kuhatarisha afya za watoto tuliokabidhiwa na wazazi wao, na naomba tuliseme bila kuzunguka.

3.4 Bao moja kwa karibu

Niruhusuni nieleze bao moja nililoliona, kwa sababu lina kila kitu ndani yake. Timu ilikuwa inaongoza kwa bao moja, zikiwa zimebaki dakika kama kumi. Uwanja una mteremko kama vingi vya kwetu, na kipindi hicho walikuwa wanalinda goli la chini, kwa hiyo kila mpira uliopigwa kwenda mbele uliishiwa nguvu na kurudi. Beki wa kulia akaumia. Benchi halikuwa na beki, akaingia winga. Wapinzani wakarusha mpira upande ule ule. Yule winga akamfuata mtu wake hadi katikati ya boksi, kama anavyofanya anapokaba akiwa mbele. Beki wa kati akatoka kwenda kuziba pembeni, mwenzake akavutwa nguzo ya karibu. Mpira ukapigwa nguzo ya mbali, na pale alikuwapo mpinzani peke yake. Akausukuma kwa goti.

Kelele zote zikamwangukia kipa. Lakini bao lile lilifungwa miezi kadhaa nyuma, kwenye mazoezi ambayo hakuna mtu wa pili aliyewahi kusimama beki wa kulia.

3.5 Hata wakubwa hulipa

Tarehe 27 Juni 2019 mjini Cairo, Taifa Stars iliongoza mara mbili dhidi ya Kenya kwenye AFCON, kwa mabao ya Simon Msuva na Mbwana Samatta, ikafungwa 3-2 kwa bao la Michael Olunga dakika ya 80. Januari 2024 kule Ivory Coast, Msuva alifunga mapema dhidi ya Zambia, Wazambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, na bado Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Kulinda uongozi dakika za mwisho kunataka miguu mipya inayojua kazi. Kama timu ya taifa inalipa gharama hiyo, timu ya chuo yenye mabeki wanne tu haiwezi kukwepa.

Sheria imetusaidia. Tangu mwaka 2022 mabadiliko ya wachezaji watano yamekuwa ya kudumu katika sheria za soka, na mashindano mengi yanayaruhusu. Sisi tunayatumia yote kuingiza washambuliaji, hata tukiwa mbele kwa mabao.

4.0 Ushambuliaji unaomchosha beki

Ulinzi na ushambuliaji si mada mbili. Timu yenye njia moja ya kushambulia inapiga mpira mrefu kwa namba tisa. Mpinzani akishamweka mtu mbele yake na mwingine nyuma yake, mpira unarudi ndani ya sekunde tano, na mabeki hawajapata hata nafasi ya kupanda hadi katikati ya uwanja. Mashambulizi yanayotoka pembeni kwa pasi yanawapa mabeki muda wa kupumua, kujipanga na kuisogeza timu mbele. Kwa hiyo uwiano wa mbele ni sehemu ya ulinzi.

Mfano tulionao ni Yanga. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele alikuwa mfungaji bora wa ligi pamoja na Saido Ntibazonkiza wa Simba, kila mmoja na mabao 17. Mayele akauzwa Misri, na wengi wakasema Yanga imekwisha. Tarehe 5 Novemba 2023 iliifunga Simba 5-1, na mabao yakatoka kwa watu wanne: Kennedy Musonda, Max Nzengeli aliyefunga mawili, Stephane Aziz Ki na Pacome Zouzoua. Mwisho wa msimu Yanga ikawa bingwa, na mfungaji bora wa ligi alikuwa Aziz Ki, kiungo, kwa mabao 21.

Hatuna fedha za Yanga, lakini kuwafundisha mabeki wa pembeni kupanda kwa zamu, mmoja akienda mwingine akibaki, hakuhitaji fedha. Kufanyia kazi kona mbili na faulo moja kila wiki hakuhitaji fedha. Uwanja wa mteremko nao una faida yake: timu inayopiga pasi fupi haiogopi kupanda mlima.

5.0 Vikwazo

Natambua kuwa wakuu wa vyuo na shule wana majukumu mengi na bajeti finyu. Natambua kuwa masomo ndiyo yaliyowaleta vijana chuoni. Hata hivyo ni lazima niseme kwamba mapendekezo mengine ya michezo yameshawahi kutolewa kwenye vikao kama hiki, yakaandikwa kwenye muhtasari na yakaishia humo. Barua ya kuomba ruhusa ya mechi ya kirafiki inaweza kukaa mezani hadi tarehe ya mechi ipite. Mipira ni miwili, mmoja umevuja. Mvua za masika zinaanguka wakati ule ule tunaoanza maandalizi, uwanja unakuwa tope, na zoezi la kwanza kufutwa ni la mabeki, kwa kuwa halina mvuto wa kupiga golini.

6.0 Mapendekezo

6.1 Kwa makocha

1. Kila timu iandikishe mabeki wasiopungua wanane: wawili kwa kila nafasi, mmoja wa mwaka wa juu na mmoja wa mwaka wa chini.

2. Siku ya mchujo, mabeki wachaguliwe kwanza, kwa zoezi lao la kukaba mmoja kwa mmoja na kucheza vichwa. Tusipeleke nyuma walioshindwa mbele.

3. Kila beki wa mwaka wa kwanza apewe mwenzake wa mwaka wa juu, wafanye mazoezi upande mmoja kwa msimu mzima.

4. Zoezi la washambuliaji sita dhidi ya mabeki wanne na kipa lifanyike kila wiki. Kila dakika sita abadilishwe beki mmoja tu, wasibadilishwe wote wanne, ili mgeni aingie kati ya wenyeji na ajifunze kuitikia sauti zao.

5. Katika kila mechi ya kirafiki, angalau beki mmoja wa akiba aanze, hata kama mechi ni ngumu.

6. Kila kocha awe na daftari la dakika. Beki ambaye hajacheza muda wowote na wenzake wa kwanza asihesabiwe kuwa akiba.

7. Timu ikiongoza, angalau badiliko moja lihifadhiwe kwa ajili ya beki.

8. Mabao yaandikwe yalikotoka: kulia, kushoto, katikati, mpira uliokufa. Upande usioleta bao kwa mechi tano ufanyiwe kazi.

9. Mchezaji aliyeumia asirudishwe uwanjani kwa sababu ya kukosa mbadala. Pendekezo la kwanza likitekelezwa, sababu hiyo itaondoka.

6.2 Kwa vyuo na shule

10. Mwalimu wa michezo apewe mapema orodha ya wanaokwenda mafunzo kwa vitendo, ili safu ya akiba ianze kucheza pamoja wiki kadhaa kabla hawajaondoka.

11. Panapowezekana, walio vituo vya karibu na chuo waruhusiwe mazoezi ya Jumamosi.

12. Barua za mechi za kirafiki zijibiwe ndani ya wiki moja, iwe ndiyo au hapana.

13. Mechi za ndani ya chuo zichezwe kwa mwaka wa masomo, mwaka wa kwanza dhidi ya wa pili, kwa sababu hapo kila mwaka utalazimika kuwa na mabeki wake.

6.3 Kwa halmashauri zote mbili

14. Iandaliwe ratiba ya pamoja ya mechi za kirafiki kati ya Karagwe na Kyerwa kabla ya mashindano.

15. Ratiba ya mashindano ya wilaya iache siku ya mapumziko baada ya kila mechi mbili. Isipowezekana, vikosi viruhusiwe kuwa na wachezaji wa ziada.

16. Iwepo zawadi ya beki bora katika kila shindano. Kijana akimwona beki akiitwa mbele ya umati kupokea zawadi, naye atajitokeza siku ya mchujo.

17. Kila kocha awasilishe orodha yake ya mabeki wanane pamoja na fomu za usajili. Narudia pendekezo la kwanza kwa sababu mengine yote yanalitegemea.

7.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, vipaji vipo kuanzia Kayanga hadi Murongo. Vijana wetu wanastahili kuwa na mahali pa kufika, na beki aliyefundishwa vizuri ana nafasi kubwa, kwa kuwa kila timu inamtafuta. Tunachokosa ni mpango unaovuka mwaka mmoja.

Naomba semina hii isifungwe kwa muhtasari peke yake. Naomba kila kocha aliyemo humu, kabla ya kuondoka, aandike majina ya mabeki wanane wa timu yake, na mbele ya kila jina mwaka wa masomo. Atakayefika jina la tano na kukwama, aanzie hapo hapo Jumatatu jioni.