Siku Thelathini za Mchuma Chai: Wakili wa Nini, na Lini?



Mwaka 1907, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, Wajerumani waligawa kadi kwa wanaume wa wilaya hii. Mwenye kadi alilazimika kumfanyia mlowezi kazi siku 30 ndani ya kila miezi minne. Leo nazungumzia siku 30 nyingine, na hizi ni za mfanyakazi mwenyewe.

Kwa kanuni za mwaka 2007, anayepinga kuachishwa kazi isivyo halali hupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda, akitoa sababu za kuridhisha.

Siku hizo hutuponyoka. Mchuma chai huambiwa na nyapara asubiri, meneja yuko safarini. Huwatuma wazee wakamwombee. Kisha huuza mahindi apate fedha ya wakili, na anapomfikia, mwezi umekwisha. Inaniuma, kwa sababu mwanzo wa shauri hauhitaji wakili. Unahitaji Fomu Namba 1, iliyojazwa, nakala ikapewa mwajiri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakuruhusu kusimamiwa mbele ya Tume na wakili, na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, au na mtu uliyemchagua mwenyewe. Unayekatwa kila mwezi ada ya TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, anza huko. Tena kumbukeni: katika mashauri ya kazi, anayeshindwa kwa kawaida haamriwi kumlipa mwenzake gharama, isipokuwa shauri liwe la upuuzi au la kusumbuana. Ada ya wakili basi itatoka mfukoni mwako hata ukishinda. Kibarua anayedai malipo ya notisi ya siku 4 atabaki na nini?

Wakili ana mahali pake. Umetumikia miaka mingi ukafukuzwa kwa tuhuma za wizi, au tuzo ya Tume inapingwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ambako muda ni wiki sita: hapo mtafute. Mwulize leseni yake ya mwaka huu, maana vishoka wapo. Mwulize amewahi kusimamia mashauri ya kazi. Malipo yaandikwe, mtie saini wote wawili.

Wengi mnaniambia, “Sina mkataba, nitadai nini?” Sheria hiyohiyo, kifungu cha 15, inasema mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi yanayobishaniwa ni wake. Hata hivyo tunzeni vikaratasi vya kilo na ujumbe wa malipo kwenye simu.

Nimeleta nakala za fomu. Baada ya mapumziko tutaijaza pamoja, tukianza na tarehe ya kuachishwa.