Moyo mnene si moyo wenye nguvu

Mtu akiambiwa kuta za moyo wake zimenenepa, yeye na hata daktari hufikiria presha. Mara nyingi ni kweli. Leo nazungumzia pale ambapo si kweli.

Upo ugonjwa uitwao amiloidosisi. Protini zilizojikunja vibaya hujitandaza katikati ya misuli ya moyo. Kuta hunenepa lakini hukakamaa, na moyo hushindwa kulegea ili upokee damu. Mgonjwa huishiwa pumzi, miguu huvimba, na dawa za presha alizozizoea zinaweza kumtia kizunguzungu.

Aina kubwa ni mbili. Protini ya kwanza hutokana na chembe za uboho wa mifupa. Ya pili, transthairetini, hutengenezwa na ini.

Ultrasaundi ya moyo huonyesha ule unene. Lakini kipimo cha umeme wa moyo, ambacho kwa misuli minene tungetarajia kitoe alama kubwa, mara nyingi hutoa ndogo. Hapo ndipo daktari makini hushtuka.

Zamani kuthibitisha kulihitaji kukata kinyama cha moyo. Mwaka 2016 watafiti wa nchi kadhaa walionyesha njia nyingine: dawa yenye mionzi kidogo, itumikayo kupiga picha za mifupa, hung'aa moyoni palipo na transthairetini. Damu na mkojo visipoonyesha protini ile ya uboho, kisu hakihitajiki. Nasisitiza vipimo hivyo, kwa sababu aina ya uboho nayo huweza kung'aa, na matibabu yake ni tofauti tena ya haraka.

Kati ya Wamarekani weusi 100, watatu au wanne wamerithi kasoro ya transthairetini yenye asili ya Afrika Magharibi. Si wote huugua, lakini wanaougua wengi huhesabiwa kuwa wagonjwa wa presha tu. Dawa ya tafamidisi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hupunguza kasi ya ugonjwa; uharibifu uliokwisha kutokea hauuondoi. Tena bei yake ni kubwa mno. Kwa hiyo kila mwaka wa kukisia ni hasara isiyolipika.

Basi, mzee mwenye moyo mnene, hasa aliyewahi kupata ganzi ya viganja vyote viwili, na amwulize daktari: unene huu umetokana na nini? Mashine haijiulizi swali hilo. Asiyeuliza, wahenga walisema, hanalo ajifunzalo.

Kwa leo naishia hapo.