Maonyesho ya Jumamosi: Tusipige Makofi Tukaenda Zetu



Leo tumeweka chaki kando. Tunataka tuzungumze juu ya maonyesho ya Jumamosi ijayo, hapa hapa katika uwanja wa shule.

Ngoma hatuna haja ya kuwaeleza. Hapa Usukumani mtoto huanza kutikisa mabega kabla hajajua kusema. Kila mwaka, mwezi wa Juni, watu hujaa Bujora, karibu na Kisesa, kwa sikukuu ya Bulabo. Bagika wanacheza upande huu, Bagalu upande ule, kwa wakati mmoja. Mshindi ni nani? Ni yule aliyevuta watu wengi zaidi.

Jumamosi tutaanza na ngoma saa nane mchana. Halafu vijana watakaa chini na kuimba wigashe. Saa kumi utafuata mchezo wa kuigiza. Na hapo ndipo penye maneno.

Mchezo wenyewe unahusu nini? Msichana wa darasa la saba amepata mimba. Baba yake na baba wa kijana wanakutana usiku. Ng'ombe wanahesabiwa. Asubuhi mambo yamekwisha, kama vile hakuna kilichotokea. Msichana haendi tena shule. Hakuna aliyemwuliza neno.

Baadhi ya wazee walitufuata. Wakatuambia, "Walimu, ngoma ni sawa. Lakini huo mchezo uondoeni. Mtatuaibisha mbele ya wageni."

Tuliwasikiliza. Wazee hao hawana nia mbaya. Wanaogopa kuona nyumba ya mtu ikinyoshewa kidole. Na sisi tulikuwa na kosa letu. Mchezo tuliutunga na vijana peke yao. Wazee hatukuwaita. Basi tulirudi, tukakaa nao, tukawaonyesha mchezo wote. Mzee mmoja akasema, "Huyu baba mmemfanya mbaya tu. Mbona hofu yake hamwionyeshi?" Kweli kabisa! Baba yule anaogopa aibu. Anaogopa kugombana na jirani. Anaogopa kwenda kituo cha polisi, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Sasa mzee huyo ndiye anayemfundisha mwigizaji wetu namna baba anavyosema.

Ndugu zetu, jambo hili si geni. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Mama Penina Muhando Mlama, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba. Waliwauliza wanakijiji wenyewe: shida yenu ni nini? Shida iliyotokea ilikuwa hii hii, mimba za wasichana wa shule. Vijana waliitia katika ngoma na maigizo yao. Halafu watu wakakaa, wakazungumza. Zaidi ya miaka 40 imepita. Kama shida hii ingekuwa imekwisha, tusingekuwa tunabishana leo.

Wengine husema, "Msichana akishazaa, masomo basi." Sivyo tena. Mwezi wa Novemba, 2021, Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaweza kurudi darasani. Na sheria ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2016 inasema kwamba mtu anayempa mimba mwanafunzi, au anayemwoa, anaweza kufungwa miaka 30. Kwa hiyo wale wanaohesabu ng'ombe usiku hawajamaliza jambo. Wamelificha tu. Na wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa tusikilizane juu ya utaratibu wa siku yenyewe.

Kwanza, hakuna jina la mtu wala la ukoo litakalotajwa, katika mchezo wala katika nyimbo. Waimbaji wetu ni hodari wa kuchomana kwa maneno, tunawajua! Lakini siku hiyo, hapana.

Pili, msichana wa mchezo ataigizwa na mama mtu mzima. Hatutaki mwanafunzi asimame pale, kisha kesho yake achekwe njiani.

Tatu, mchezo utasimama katikati. Ni pale baba anaposhika kamba ya ng'ombe. Tutawauliza ninyi mnaotazama: afanye nini sasa? Mwenye jibu asimame, aje aonyeshe. Akina mama watakaa mbele, na watasema kwanza. Tumeona katika mikutano mingi kwamba wakisubiri mwisho, jua linakuchwa kabla zamu yao haijafika.

Nne, akina mama wawili watakaa chini ya mwembe, mbali kidogo na uwanja. Mtoto au mzazi mwenye jambo lake la siri aende kwao. Hakuna atakayemwuliza anakwenda kufanya nini.

Tano, tutamaliza kabla ya giza. Ngoma ya usiku ina raha yake, lakini haifai tukazungumza juu ya usalama wa mabinti zetu, halafu tukawarudisha nyumbani usiku wa manane.

Kiingilio hakuna. Njoo na kigoda chako.

Tumesema kwamba katika ngoma mshindi ni aliyevuta watu wengi. Katika mchezo huu tutapima kwa kipimo kingine. Watu wakijaa uwanja mzima, wakacheka, wakapiga makofi, wakaenda zao, tutakuwa tumeshindwa. Lakini akisimama baba mmoja tu akasema, "Mimi binti yangu nitamrudisha shule," hapo tutakuwa tumefanya kazi.

Wale wazee waliotufuata, wote tumewaalika. Watakaa mstari wa mbele pamoja na akina mama. Na wakiona tumekosea, wana ruhusa ya kusimama na kutukosoa mbele ya watu wote.

Haya, tuonane Jumamosi saa nane.