Mkulima aliyepanda farasi kwenda vitani

Leo tunazungumza juu ya mkulima anayeacha jembe na kushika bunduki. Usidhani naanza na Mai-Mai. Naanza mbali, Nairobi, mwezi wa Agosti 1914.

Vita ya kwanza ya dunia ilipofika Afrika ya Mashariki, walowezi wazungu wa Kenya walitoka mashambani na farasi na nyumbu wao wenyewe, wengi na bunduki zao za kuwindia. Sare hawakuwa nayo. Herufi za jina la kikosi zilishonwa kwenye mashati. Kikosi kiliitwa East African Mounted Rifles, askari wapanda farasi. Ndani yake mlikuwa na vikundi vyenye jina la mkubwa wao, kama Bowker's Horse na Wessel's Scouts. Hapa kwetu, nani hajasikia kikundi kinachoitwa kwa jina la mkubwa wake?

Tarehe 3 Novemba 1914 walipigana na Wajerumani katika mlima wa Longido, na usiku wakarudi nyuma. Farasi nao walikwisha kwa mbung'o na magonjwa kuliko kwa risasi. Wengi wa wapanda farasi wakahamia King's African Rifles kuwa maofisa, na kufika 1917 kikosi kilikuwa karibu kimekwisha.

Sikiliza vizuri hapa. Mkulima yule aliandikishwa. Jina lake lilikuwa kitabuni, alikuwa na mkubwa wa kumjibu kwa sheria, na vita ilipokwisha alikuwa na mlango wa kutokea. Mwaka 1919 serikali iliwagawia askari wazungu mashamba huko Kenya, mengine yalikatwa katika ardhi ya Wanandi. Wapagazi waafrika wa vita ileile hawakupata shamba, na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao. Babu zetu wa Kongo nao walibeba mizigo kuelekea Tabora, iliyotekwa 19 Septemba 1916. Huku Maniema ilikuja pamba ya lazima, tangu 1917. Ndiyo shukrani waliyopata.

Sasa turudi kwetu. Vijana walioingia msituni kuzunguka Namoya wengi walikuwa wakulima na wachimbaji wa dhahabu. Malalamiko yao juu ya mashimo na kazi yalikuwa na msingi, nasema wazi. Banro yenyewe ilisimamisha kazi Namoya mwaka 2019, lakini bunduki hazikusimama. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake au kuweka vijana wenye silaha. Kwa hiyo kijana wa msituni hana kitabu chenye jina lake, na mlango wa kutokea alikuwa hana mpaka afunguliwe. Mpango wa kunyang'anya silaha na kurudisha wapiganaji katika jamii, P-DDRCS, uliundwa kwa amri ya Rais tarehe 4 Julai 2021.

Mama mmoja anaweza kuniuliza: basi, wanasamehewa yote? Hapana, mama. Sheria ya msamaha ya 2014 ilihusu matendo ya mpaka 20 Desemba 2013 tu, na hata hapo haikugusa ubakaji wala makosa ya kivita. Kuingiza mtoto wa chini ya miaka 18 katika kikundi chenye silaha ni kifungo cha miaka 10 mpaka 20, kwa sheria ya 2009. Mtoto aliyeingizwa, yeye ni mwathirika. Msimwite muuaji njiani.

Linabaki shamba. Anayerudi atakuta mkimbizi analima pale alipoacha, na huyo naye alifukuzwa kwao. Wazee, msingoje afike na hasira. Keteni baraza mapema, wekeni mipaka mbele ya mashahidi, mwandike, na mihogo iliyo ardhini avune aliyeipanda.