Nyonga Inayolia

Leo tuzungumze juu ya nyonga inayolia "ko!" unapoinuka kitini au unaponyoosha mguu uliokuwa umeukunja.

Mara nyingi inayolia ni kano, si mfupa. Mbele ya nyonga hupita kano nene ya msuli unaoinua paja, nayo ikivuka kichwa cha mfupa wa paja kwa ghafla, hulia. Kama haiumi, iache. Haihitaji dawa wala kisu.

Ikiuma, anza na mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha misuli, ukiongozwa na mtaalamu wa viungo, kwa miezi kadhaa. Wengi hupata nafuu hapo. Wengine huambiwa kuhusu upasuaji wa matundu madogo: daktari hupitisha kamera nyembamba na kuikata kano ile ili ilegee. Kidonda ni kidogo, na hilo huwafanya watu wakubali upesi mno.

Sababu ni hii. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa katika nyonga kama mpira ndani ya bakuli. Wako watu ambao bakuli lao halina kina. Kwao, kano ya mbele husaidia kuuzuia mpira usichomoke. Ikikatwa, mlio unaweza kuisha, lakini nyonga ikalegea na maumivu yakazidi. Imewahi hata kutokea nyonga ikateguka kabisa.

Husemwa kwamba sisi tuliobebwa mgongoni, miguu imepanuliwa, hatuna shida hii. Kubebwa hivyo husaidia kweli, lakini hakumkingi kila mtoto.

Kwa hiyo eksrei kwanza. Daktari hupima pembe ya bakuli, kipimo alichokieleza Wiberg wa Uswidi mwaka 1939. Nyuzi 25 na zaidi ni kawaida. Chini ya 20, bakuli halina kina. Katikati ya hapo madaktari wenyewe hubishana.

Bakuli likiwa na kasoro, huenda likahitaji kutengenezwa lenyewe. Tangu mwaka 1984, kwa njia ya Ganz wa Bern, Uswisi, mfupa hukatwa kulizunguka bakuli, kisha likageuzwa lifunike mpira vizuri. Huo ni upasuaji mkubwa, na hufaa kabla kiungo hakijalika.

Basi ukiambiwa utakatwa kano, muulize daktari: "Bakuli la nyonga yangu lina nyuzi ngapi?" Kama hujapigwa eksrei, usitie sahihi bado.