Mlaji Asiye na pa Kukimbilia

Msikilizaji, tuanze na bei: senti 65 za Kimarekani. Mwaka 1934, uchumi wa dunia ukiwa taabani, Cordelia Knott wa Buena Park, California, alitoa sahani zake za harusi akawapakulia wateja wanane chakula cha jioni kwa bei hiyo. Kuku wa kukaanga, viazi vya kuponda na mchuzi mzito, vimkate vya moto, na pai ya matunda yaliyochumwa shambani kwao.

Sifa za kuku yule zikavuma, foleni ikawa ya saa nzima na zaidi. Mwaka 1940 mumewe, Walter, akaanza kuwajengea wanaosubiri mji wa kale wa kuigiza, ule wa zama za wachimba dhahabu, angalau wapate cha kutazama. Hapo ndipo ilipozaliwa bustani ya burudani ya Knott's Berry Farm. Kuku alitangulia, bembea zikafuata! Kiingilio kilianza kutozwa 1968, lakini mgahawa mpaka leo uko nje ya geti. Unaingia, unakula, unaondoka. Tiketi ya nini?

Hilo geti ndilo ninalotaka tulitazame. Chakula cha bustani hizi huharibika pale mlaji anapokosa pa kukimbilia. Aliyewahi kununua soda ndani ya uwanja wa mpira ananielewa.

Chukua bustani ya Epcot, kule Walt Disney World, Florida. Ilipofunguliwa mwaka 1982, banda la Ufaransa lilikuwa na mgahawa wa wapishi watatu wenye majina makubwa: Paul Bocuse, Roger Vergé na Gaston Lenôtre. Mwaka 2005 Disney ikaleta mpango wa kulipia milo kabla ya safari. Mwanzoni ulikuwa wa ukarimu: kianzio, mlo wenyewe, kitindamlo, mpaka bakshishi ya mhudumu. Haikupita miaka mingi, kianzio na bakshishi vikaondolewa. Tena mtu aliyekwisha kulipa hatazami bei; ataagiza nyama ya ghali kuliko zote ili pesa yake irudi. Sasa mpishi ahangaike na samaki wa nini? Wageni wa siku nyingi wakaanza kunung'unika kwamba menyu zinafanana, na mimi sioni kama waliwaonea wenye mgahawa.

Ufaransa ilikuwa kinyume. Disneyland ya Paris ilifungua milango Aprili 1992, na ndani hakukuwa na tone la pombe. Mfaransa ale chakula cha mchana bila mvinyo? Wakubwa wa Disney wakang'ang'ana kidogo, kisha mwaka uliofuata mvinyo ukaruhusiwa mezani. Jiji la Paris, na migahawa yake yote, lilikuwa mwendo wa treni usiofika saa moja.

Ziangalie hata nyota za Michelin, zile wanazopewa migahawa bora. Victoria & Albert's ya Disney ilipata yake mwaka 2024, lakini hiyo iko hotelini, nje ya mageti. Ammolite, mgahawa wa bustani ya Europa-Park, Ujerumani, nao unapokea watu wasiokwenda kupanda bembea yoyote.

Ule mpango wa kulipia milo ulisimama mwaka 2020, wakati wa Uviko. Januari 2024 ulirudishwa. Ningekuwa mimi naenda Florida, pesa hiyo ningebaki nayo mfukoni, nile nikishatoka nje ya geti.