Deni la Barafu
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu)



Komite ilituomba sisi wanne tuliorudi kutoka Minnesota tueleze mambo mawili. La kwanza, juu ya nini kwa misimu miwili ya baridi hatukutuma mchango. La pili, ile mizigo ya ajabu tuliyoshuka nayo ni ya nini. Jibu ni moja: tulishikwa na uvuvi wa barafu.

Msicheke kwanza. Sisi wote wanne tumezaliwa pembeni ya Tanganyika. Tulikua tunaona taa za wavuvi wa ndagala usiku, sawa vile mji mwingine juu ya maji. Halafu vita, halafu kambi kule Tanzania, miaka na miaka, halafu ndege. Tukafika fasi ambako ziwa linakuwa gumu kama sima. Tunasema kweli: kwenye ziwa la Mille Lacs wanaondoa theluji, wanatengeneza barabara juu ya maji, motokari zinapita, na unalipa ili upite.

Mzee mmoja tuliyefanya naye kazi ndiye alitupeleka mara ya kwanza. Tuliogopa kukanyaga. Akatoboa tundu la inchi 8, akashusha uzi, akatuambia tungoje. Vile tunauliza samaki anaishi namna gani chini ya jiwe, akatueleza: maji ya digrii 4 ndiyo mazito kuliko yote, yanazama, yale ya baridi zaidi yanabaki juu na kuganda, na barafu inaelea. Kwa hiyo kule chini samaki anaendelea na maisha yake. Uzi ukatikisika. Tukavuta kasamaki ka manjano kenye mistari, hata mukeke mdogo unakazidi. Mmoja wetu alilia. Hatukumuuliza juu ya nini.

Kama tungeishia pale, leo tusingesimama hapa. Fimbo fupi moja, ndoo ya kukalia na ndoana vinatosha. Lakini tulianza kununua. Mashine ya kutoboa kwa mkono, kisha ya petroli, kisha ya betri juu haina kelele. Hema ya kukunja, kisha nyingine kubwa zaidi. Mitego inayosimamisha kibendera samaki akivuta. Ndoana ndogo za tungsteni, nzito kuliko risasi, za rangi ambazo samaki hajawahi kuomba. Halafu masini ya Vexilar, inayoonyesha kwa mwanga mviringo samaki akipanda kukaribia chambo: kijani, rangi ya chungwa, nyekundu. Sheria ya kule inaruhusu nyuzi mbili tu kwa mtu mmoja akivua kwenye barafu. Sisi tulikuwa na fimbo kumi na tisa. Wakati wa joto pia, barafu imekwisha, tulishinda garaji tukipanga na kupangua vyombo.

Siku ile katibu alitupigia simu kwamba mama mmoja wa chama anahitaji operesheni, na sanduku halitoshi, sisi tulijibu: "Mwezi ujao." Ile Vexilar tulikuwa tumeinunua asubuhi yake, zaidi ya dola 400. Wandugu wa hapa waliuza mbuzi, wakakopa kwa likelemba, mama akapona. Yuko hapa, amekaa karibu na mlango. Mama, tulishakuja kwako nyumbani. Lakini kosa lilifanyika kwa chama, basi tunalisema mbele ya chama.

Hata hivyo hatukuacha siku ile. Tuliacha mwezi wa tatu uliofuata. Mwenzetu mmoja alipita karibu na fasi kijito kinaingia ziwani, barafu imekuwa nyeupe, ikafunguka, akazama hadi kifuani. Kuna misumari miwili yenye mipini, mtu anaivaa shingoni, ili akianguka achome barafu na kujivuta. Tulikuwa nayo jozi tatu. Zote zilikuwa garaji, ndani ya plastiki yake. Mzee yule yule alilala kifudifudi, akamtupia kamba. Tukamvuta.

Kwa sababu gazeti hili linasomwa na bana betu walio kule, tuseme na hili. Ofisi ya mali ya asili ya Minnesota inashauri barafu mpya iliyo wazi isipungue inchi 4, karibu sentimita 10, ndipo mtu atembee juu yake. Barafu nyeupe nguvu yake ni nusu tu. Tena inasema hakuna barafu salama kabisa. Pimeni kila mnapokwenda, jana si leo. Na jiko la gesi ndani ya hema bila tundu la hewa linaua kimya, sawa vile mbabula ya makala katika nyumba iliyofungwa. Hiyo hamhitaji kufundishwa, mliwazika watu.

Vyombo tuliviuza kule kidogo kidogo, kwa hasara. Tulivyoleta ni vile vilivyokosa mnunuzi: hema moja, nguo nne zinazoelea majini, na kijiko chenye matundu cha kutoa barafu, ambacho bibi wa mmoja wetu anachotea mandazi na amekataa kukirudisha. Nguo zile ni za moto sana kwa ziwa letu, lakini mvuvi mmoja wa ndagala ameomba kuzijaribu usiku. Tumempa.

Kuhusu feza: deni letu la misimu miwili, kwa watu wanne, ni dola 480. Mauzo yalilipa tiketi za kurudi, zikabaki dola 310. Hizo 170 zilizopungua tutazilipa baada ya mavuno ya muhogo, na komite imeandika.

Mweka hazina, bahasha ni hii. Uhesabu mbele ya watu.